Posa na Gari la Betri

Melkior alikuwa amefika ukurasa wa pili wa taarifa yake ya mwaka, na neno alilolisubiri Emerensiana lilikuwa bado halijatamkwa.

Karakana ilijaa watu mpaka mlangoni. Waliokosa mabenchi walikalia matairi makuukuu, na waliokosa matairi walisimama wakiwa wamejifunga mashuka, maana asubuhi za mwezi wa sita pale Mpanda zina baridi inayouma masikio. Ulikuwa mkutano wa mwaka wa Kampuni ya Magari ya Betri. Watu wa mtaa ule wa Nsemulwa walipenda kuutania mkutano huo kwa kuwa kampuni iliitwa ya magari na gari lenyewe lilikuwa moja tu, limesimama katikati ya karakana kama bibi harusi, limepakwa rangi ya kijani na kuwekewa viti alivyovishona Emerensiana kwa mkono wake.

"Mwaka wa kwanza," Melkior alisoma, "gari letu lilizunguka ua huu, likagonga ukuta."

Watu wakacheka.

"Mwaka wa pili lilifika kanisani. Mwaka jana lilivuka daraja, likarudi kwa kusukumwa. Lakini mwaka huu, ndugu zangu, tumepiga hatua. Leo hii, baada ya mkutano, linakwenda Sitalike. Bwana Nyama mkuu wa hifadhi ananisubiri pale. Akiridhika, hifadhi itataka magari mengine kama hili."

Makofi yakalia. Emerensiana hakupiga. Alikaa nyuma karibu na shangazi yake Josefina, akimtazama yule kijana mrefu mwenye vidole vilivyobabuliwa na tindikali, na macho yaliyowaka kila alipolitaja gari. Macho yale aliyajua. Siku moja ya Krismasi, kwenye uwanja wa kanisa, yalimtazama yeye hivyo hivyo, naye akashindwa kuimba ubeti wa tatu. Tangu siku ile hakupata usingizi wa maana. Na leo, aibu gani hii, alikuwa analionea wivu gari!

"Atasema saa ngapi?" alinong'ona.

"Tulia, mwanangu. Subira huvuta heri."

"Yangu inavuta mvi, shangazi."

Ahadi ilikuwa wazi. Melkior mwenyewe alimwendea shangazi Josefina nyumbani, akasema kwamba siku ya mkutano, mbele ya watu wote, angesimama amwombe Mzee Kalisti binti yake, na siku ya harusi itajwe. Kwa ajili ya maneno hayo Mzee Kalisti aliacha mpunga wake shambani kule Usevya, akasafiri mpaka Mpanda na kuku wawili ndani ya tenga. Sasa alikuwa amekaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, anasikiliza habari za betri.

Melkior aliweka karatasi chini. Sauti yake ikashuka.

"Wengine mnaniuliza, Melkior, kwa nini unajitesa? Mnamjua marehemu baba yangu, Mzee Kasimiri wa Litapunga. Alikuwa mrina asali. Mgodi wa kule kwetu ulipokuwa unafanya kazi, miti ilikatwa, malori yakapita usiku na mchana, moshi na kelele. Mizinga ya baba ikabaki mitupu. Nyuki walihama. Baba alikuwa anaingia msituni anarudi na ndoo kavu, anakaa kimya. Mimi nataka gari litakalopita msituni na msitu usijue kama limepita. Hiyo ndiyo kazi ya kampuni hii. Faida itafuata."

Hata Emerensiana, pamoja na hasira zake, alijifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Ndiyo maana alimpenda. Angekuwa mjinga wa kawaida angemwacha zamani.

Ndipo Mzee Kalisti aliponyanyua fimbo.

"Kijana, mimi mtu wa jembe. Nieleweshe. Hizo betri zinakula nini?"

"Umeme, mzee."

"Umeme unatoka wapi?"

"Kwenye jenereta ya mashine ya kusaga."

"Na jenereta inakula nini?"

Melkior alimeza mate. "Dizeli, mzee."

"Kwa hiyo moshi haujafa," alisema Mzee Kalisti taratibu. "Umehama nyumba tu."

Karakana yote ilipasuka kwa vicheko. Yotham, mwenzake Melkior katika kampuni, alijishika kichwa. Melkior alisubiri vicheko vipungue.

"Ni kweli mzee, sikufichi. Ndiyo maana tunatengeneza gurudumu la maji pale mtoni, litazungusha mtambo bila dizeli. Hilo tutalikamilisha mwakani. Na mengine yote yaliyobaki, Mungu akipenda, mwakani."

Akakunja karatasi. Yotham akafunga mkutano kwa sala. Watu wakaanza kutoka.

Emerensiana alibaki amekaa kama aliyepigwa kofi. Na mengine yote. Yeye ndiye yale mengine yote! Kwenye benchi la mbele, baba yake alisimama, akajikung'uta vumbi, wala hakugeuka kumtazama mtu.

Hakutaka kulia mbele ya watu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakata kichochoro mpaka kwenye nyumba. Nyumba yao. Vyumba viwili vya matofali ya kuchoma na paa la bati, alivyovijenga Melkior mwaka juzi kwa ajili ya siku watakayooana. Emerensiana aliikandika sakafu yake kwa mikono, akashona pazia la dirisha la chumbani, jeupe, lenye maua ya bluu. Alitaka kukaa humo kidogo peke yake, apumue.

Alisukuma mlango wa chumbani, harufu kali ikampanda puani.

Betri zilijaa chumba kizima. Zilipangwa juu ya mbao, safu kwa safu, nyaya zikining'inia ukutani kama utumbo. Pale kitanda kilipopaswa kuwa, palikuwa na pipa la maji na chupa za tindikali. Sakafu ilikuwa imechimbika mashimo. Pazia lilikuwa limetobokatoboka, limegeuka rangi ya kutu, na alipoligusa ncha yake ilibaki mkononi kama majivu.

"Emere."

Melkior alikuwa amesimama mlangoni, anahema. Alikuwa amemfuata mbio.

"Ni za muda tu. Karakana inavuja, na betri hazitaki..."

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Tangu lini umeweka hizi takataka chumbani kwangu?"

"Tangu masika. Nilitaka kukwambia."

"Tangu masika! Kila Jumapili nakuuliza, nyumba vipi, unaniambia nyumba ipo. Kumbe ipo na mke tayari! Ulitaka nilale wapi, Melkior? Juu ya betri?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Baba yangu ametoka Usevya. Ameacha mpunga unaliwa na ndege. Umemkalisha mbele kama mtoto wa shule, umemsomea habari za daraja, halafu unasema mwakani!"

"Baba yako alinikata maneno, Emere! Watu walicheka. Nilichanganyikiwa. Ningesimamaje kuposa mbele ya watu wanaonicheka?"

"Kwa hiyo ukichekwa, wewe na mimi hatuoani?"

"Sikusema hivyo."

"Husemi chochote! Hilo ndilo tatizo lako. Ukiongea habari za nyuki unanitoa machozi. Ukifika kwangu, ulimi unakatika."

Melkior alimsogelea. Emerensiana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi za shati lake, na mwili wa Emerensiana, msaliti mkubwa, ulitaka kumwegemea. Melkior aliinua mkono ule uliobabuka, akaushusha bila kumgusa.

"Nakupenda," alisema kwa sauti ndogo. "Kuliko hivi vyote."

"Basi vitoe."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Aligeuka kutazama betri. Alizitazama kwa muda mrefu mno, na Emerensiana akayaona mawazo yakipita usoni pake: zikae wapi, zitaharibika, Bwana Nyama anasubiri. Kabla hajapata jibu, fimbo iligonga mlango wa nje.

"Emerensiana," Mzee Kalisti aliita. "Fungasha. Tunarudi nyumbani. Thadei ana lori linaondoka leo kwenda Usevya, atatupa nafasi."

Jina hilo lilimchoma Melkior kama msumari, na si ajabu. Thadei alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, mgane, mcheshi, mwenye lori linalotoa moshi mweusi kama tanuri. Alishamtuma mtu kwa Mzee Kalisti mara mbili kumposa Emerensiana. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Emerensiana zaidi, maana mtu mbaya hukataliwa kirahisi.

Melkior alitoka nje, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Baba, mimi nakwenda njia hiyo hiyo. Niruhusu niwafikishe Sitalike. Lori la Thadei mtalipanda pale, lazima lisimame kushusha chumvi."

"Kwa hicho kigari?"

"Kwa hicho, baba."

Mzee Kalisti alimtazama binti yake, akalitazama lile pazia lililooza dirishani. Alikuwa mtu wa haki, hata akikasirika.

"Sikiliza. Ukinifikisha Sitalike bila mtu kushuka kusukuma, nitakaa chini nikusikilize maneno yako yote mpaka mwisho. Usiponifikisha, binti yangu usimpotezee tena umri wake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Hakuna aliyemuuliza Emerensiana kama naye ameelewa.

* * *

Waliondoka jua likiwa limeshapanda. Melkior alishika usukani, Mzee Kalisti akakaa pembeni yake na tenga la kuku mapajani. Nyuma walikaa Emerensiana na Yotham. Shangazi Josefina aliwapungia mkono, mdomo wake ukisoma Salamu Maria.

Gari halikunguruma. Lilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayevuta pumzi puani, likateleza barabarani. Mbuzi hawakutoka njiani mpaka walipoguswa. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni aliligeukia likiwa ubavuni pake, akatupa mzigo na kumwita Yesu. Mzee Kalisti alijizuia kucheka, akashindwa, mabega yakamtikisika.

"Linatembea kama mwizi," alisema.

"Ndiyo sifa yake, baba."

Mji uliisha, msitu ukaanza. Emerensiana alikitazama kisogo cha Melkior, mahali nywele zinapoishia shingoni, mahali alipopenda kupaweka mkono. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamwombea. Fika, alisema moyoni kila walipopanda kilima. Fika, mpuuzi wewe, fika. Kila walipozama kwenye mchanga gari lilipunguza mwendo, na kila lilipopunguza mwendo aligandamiza mguu sakafuni kana kwamba yeye ndiye anayekanyaga.

Karibu na bonde la mto Katuma, Melkior alisimamisha gari ghafla.

"Msiongee," alinong'ona.

Tembo walikuwa wanavuka barabara. Jike mkubwa alitangulia, masikio yakipepea taratibu, na nyuma yake wengine, na ndama mmoja mwenye manyoya kichwani. Walikuwa karibu kiasi kwamba Emerensiana aliisikia milio ya matumbo yao. Jike alisimama. Aliugeuza mkonga kuelekea garini, akanusa. Hakukuwa na moshi wa kunusa. Akageuka na kuendelea na safari zake kama vile amekuta kichuguu.

Ndipo Melkior alipofanya jambo la ajabu. Alilisogeza gari polepole, sambamba nao, na wale tembo hawakukimbia. Kwa kitambo walikwenda pamoja, wanyama na watu, katika nyasi za dhahabu, bila sauti nyingine isipokuwa nyayo na kuku aliyekohoa tengani. Emerensiana alijikuta ameshika bega la Melkior kwa nyuma. Melkior aliegemeza shavu kwenye mkono ule. Hakugeuka. Na Mzee Kalisti, ambaye maisha yake yote tembo kwake alikuwa mwizi wa mahindi, alivua kofia.

"Eh," alisema. "Kumbe wana kope."

Kama safari ingeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini baada ya tembo kuingia vichakani, barabara ilishuka kwenye mchanga mzito wa bonde, na katikati ya mchanga gari lilivuta pumzi yake ya mwisho likanyamaza. Mbele yao, kupitia miti, mabati ya kwanza ya Sitalike yalikuwa yanang'aa. Mtu angeweza kupiga kelele akasikika.

Melkior alizungusha swichi. Hakuna kitu. Akazungusha tena.

"Yotham, cheki waya."

"Si waya, kaka. Zimekufa. Baridi ya usiku ilizinyonya nguvu, halafu tukafuata wale tembo."

"Haziwezi kufa hapa!" Melkior alipiga usukani kwa ngumi. "Hapa! Tunaona mabati!"

Mzee Kalisti alivaa kofia yake, akashuka, akasimama kivulini. Yotham alishuka kusukuma, akakumbuka masharti, akabaki ameshika bodi bila kujua afanye nini.

Lori la Thadei lilisikika kabla halijaonekana. Lilifika na moshi wake na vumbi lake, likasimama pembeni yao. Thadei alitoa kichwa dirishani, uso wake mpana ukiwa na huruma ya kweli.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Kalisti."

"Milele amina."

"Poleni jamani. Melkior, nina kamba. Nikuvute mpaka kwa Bwana Nyama?"

"Asante. Usijisumbue."

"Si usumbufu, ndugu yangu. Mchanga huu umeshanilaza na mimi."

Mzee Kalisti aliweka tenga lake ndani ya lori. "Emerensiana, panda."

Emerensiana alishuka kwenye gari la kijani. Alipita mbele ya Melkior, akasimama. Alimpa nafasi. Alimtazama machoni, akangoja. Sema, alimwambia kwa macho. Baba yangu huyu hapa. Sema ovyo, sema kwa kigugumizi, sema umekosa, lakini sema.

Melkior alifungua mdomo.

"Betri mpya zikija," alisema, "hili halitatokea tena. Nakuapia, Emere. Mwakani..."

Emerensiana alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichomtisha hata yeye mwenyewe.

"Melkior, mimi si betri. Huwezi kuniweka chumbani unichaji ukinihitaji." Hakuishusha sauti, ingawa baba alikuwa anasikia, na Thadei anasikia. "Nakwenda kwetu kuvuna mpunga. Na wewe, baba, unisamehe, lakini na Thadei asikie: siendi kuolewa naye. Nakwenda kuvuna. Anayenitaka, njia ya Usevya anaijua. Haihitaji umeme. Watu wanaitembea kwa miguu tangu dunia iumbwe."

Akapanda. Thadei alikuna kidevu, akatia gia.

Pale Sitalike lori lilisimama mbele ya maduka, vijana wa kazi wakaanza kushusha magunia ya chumvi. Emerensiana alibaki amekaa ndani, kati ya baba yake na Thadei, mikono imekunjwa. Upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda cha hifadhi, Bwana Nyama mkuu alikuwa amesimama na soksi zake ndefu, anaangalia saa.

"Umeniaibisha," alisema Mzee Kalisti, bila ukali.

"Najua, baba."

"Hata mama yako hakuwahi kusema hivyo mbele ya watu. Alikuwa anasubiri tufike ndani."

Emerensiana alikuwa ameshageukia barabara. Alikuwa amemwona.

Melkior alikuwa anakuja kwa miguu kutokea bondeni, shati limelowa jasho, viatu vimejaa mchanga. Yotham alikuwa nyuma yake, anamwita. Bwana Nyama aliinua mkono.

"Bwana Melkior! Liko wapi hilo gari lako? Njoo basi unieleze!"

Melkior alisimama. Alikitazama kile kibanda. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka yote. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu.

"Yotham atakueleza, mzee," alisema. "Anajua kila kitu. Mimi nina safari."

"Safari ya wapi?"

Melkior alipita mbele ya lori bila kuinua macho, akayapita maduka, akalipita banda la mwisho, akashika barabara ya kusini. Barabara ya Usevya.

"Anakwenda wapi yule?" aliuliza Thadei.

Mzee Kalisti alikohoa. Emerensiana alijiuma mdomo mpaka akaonja damu. Ni mjinga! Ile ni hifadhi mpaka upande wa pili. Kuna nyati, kuna simba, kuna mito yenye viboko, na yeye hana hata fimbo. Alitaka kushuka amfuate. Alitaka pia kumpiga na kiatu. Vijana walishusha magunia yao kwa uvivu wa kuudhi, mmoja akaenda kunywa maji, akarudi, akaenda tena.

"Fanyeni haraka nyie!" alipiga kelele. Wote wakageuka kumtazama, na Thadei akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeelewa jambo.

Walipomkuta alikuwa ameshaingia ndani kabisa ya hifadhi. Alitembea katikati ya barabara, ameokota tawi la mninga akalifanya mkongojo. Thadei alikanyaga breki mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Mzee Kalisti alichungulia dirishani. "Kijana, unakwenda wapi?"

"Usevya, baba."

"Kufanya nini?"

"Kuposa."

"Bila mshenga? Na viatu hivyo?"

"Nimekosa, baba. Nilipaswa kusema asubuhi mbele ya watu. Niliogopa kuchekwa. Nataka kumuoa Emerensiana. Tarehe utataja wewe. Nyumba nitaisafisha, na ikinuka tindikali nitajenga nyingine. Sina la zaidi." Alijifuta jasho kwa kiganja. "Hukufika Sitalike kwa gari langu, kwa hiyo huna haja ya kunisikiliza. Nasema tu."

Nyani walibweka mbali. Mzee Kalisti alivuta pua.

"Panda garini. Kuna simba huku."

"Hapana, baba. Nimeambiwa nije kwa miguu."

"Aliyekwambia alikuwa na hasira."

"Bado ana hasira. Namwona."

Kweli alikuwa nazo. Zilimjaa mpaka kwenye vidole. Hasira za pazia, za Jumapili zote alizodanganywa, za yule Bwana Nyama aliyeachwa kibandani na mlango ambao labda hautafunguka tena, maana hata hilo sasa lilimuuma, na hakujua amlaumu nani. Alimtazama mwanamume yule aliyesimama vumbini na fimbo yake ya kipuuzi. Safari hii Melkior naye alikuwa anamtazama yeye, yeye tu, kama siku ile ya Krismasi.

Emerensiana alipitisha mkono mbele ya baba yake, akafungua mlango wa lori, akajisogeza. Nafasi ilikuwa ndogo.

"Panda, Melkior," alisema. "Sijakusamehe. Panda."